Shukrani Iliyotangulia

Mama Chapu alikuwa amepanga kila kitu isipokuwa kumwambia mumewe. Mwenyekiti wa jumuiya alijua, na kumwambia Mwenyekiti jambo ni sawa na kubandika tangazo sokoni. Wanawake wa kwaya walijua. Mama wa Mungu naye alijua, maana alikuwa akiambiwa usiku na mchana kwa mwezi mzima. Aliyebaki ni mumewe, Fundi Viatu, peke yake, kwa sababu angesema hapana. Na hapana ya Fundi haikuwa na kelele hata mtu apate pa kugombania. Husema, "Hapana, Mama Chapu," kisha huchovya uzi kwenye nta na kuendelea kushona, ukabaki umesimama pale na maneno yako yote mdomoni.

Kwa hiyo asubuhi ile, basi la kukodi lilipowashusha wanajumuiya chini ya kilima, Mama Chapu alikaza kitambaa chake cha kichwa na kujifanya mwanamke aliyekuja kuomba tu kama wengine. Mbele yao ngazi za mawe zilipanda zikijipinda, zimelika katikati kwa nyayo za watu waliokwisha kufa zamani. Juu kabisa lilikaa kanisa, dogo kuliko alivyolitarajia, kuta zake nene zimeliwa na chumvi hata zikawa na rangi ya mkate ulioungua. Inasemwa lilijengwa na mabaharia walionusurika na dhoruba, wakapandisha mawe mgongoni mmoja mmoja, kila mtu kwa nadhiri yake. Nyuma yake hapakuwa na kitu kingine ila maji.

"Baba, ile ndiyo bahari?" aliuliza binti yao.

"Ndiyo yenyewe."

"Mbona haitikisiki?"

"Uko mbali. Panda kwanza, ndiyo uilaumu."

Binti huyo walimwita Chapuchapu, na jina hilo alipewa na majirani ambao hawakuwahi kumwona akienda polepole. Mguu wake wa kushoto ulinyauka kwa homa alipokuwa hajajua hata kusema maji. Tangu hapo alitembea na chuma: vyuma viwili vyembamba, kimoja kila upande wa mguu, kutoka pajani hadi kisiginoni, vimeshikwa na mikanda ya ngozi, vina komeo dogo kwenye goti la kufungua akitaka kukaa. Chuma kilitoka hospitali. Kiatu cha chini kilitoka kwa baba yake, aliyekishona upya kila mwaka na kila mwaka akaongeza soli, maana mguu ule ulikuwa ukiachwa nyuma na mwenzake kidogo kidogo.

Chapuchapu alipanda ngazi zile akiwapita watu wazima waliokuwa wakihema na kujidai wamesimama kusali. Ka-cha, ka-cha, ka-cha, chuma kililia kwenye mawe. Kila mlio ulimwingia Mama Chapu sikioni, naye akajiambia moyoni: lia, lia tu, leo ndiyo mwisho wako.

Kule juu, Mungu akamsaidia, au alidhani hivyo. Mwanakwaya mmoja alikuwa amekatikiwa na kanda ya kiatu mlangoni pa kanisa, na Fundi Viatu hana uwezo wa kuona kiatu kilichokatika akapita. Alikuwa na sindano na uzi mfukoni kama watu wengine wanavyokuwa na leso. Viatu vyake mwenyewe alikuwa amevifunga kwa waya; kinyozi hajinyoi.

"Tangulieni," alisema, akakaa kwenye ukuta mfupi unaotazama bahari. "Nakuja sasa hivi."

Mama Chapu alimshika binti yake mkono, wakaingia upesi.

*

Desturi ya mahali pale ilikuwa hivi: ukipona, unarudi na kile ulichokuwa ukikiegemea. Upande wa kulia wa kanisa, ukuta mzima ulikuwa umejaa shukrani. Magongo yalining'inia kama kuni. Palikuwa na plasta ya mkono iliyoandikwa majina ya marafiki, kofia ya pikipiki iliyopasuka katikati, ubao uliobaki wa boti iliyozama, miwani, viatu vidogo vya watoto. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya vingine hata hukuweza kujua ni vya ugonjwa gani.

Hayo ya kupona kwanza na kushukuru baadaye, Mwenyekiti alikuwa ameyapinga. Aliyapinga jikoni kwa Mama Chapu, akiwa amekaa kwenye kiti pekee kizuri. "Mama Chapu, mwenye kushukuru baada ya kupokea ni mfanyabiashara," alisema. "Hata mpagani anashukuru akishapewa. Wewe shukuru kwanza. Mwache Mungu aone aibu kukunyima." Maneno hayo yangepita kama mengine ya Mwenyekiti, lakini yalimkuta mama ambaye siku chache nyuma alikuwa ameona kitu kwa macho yake mwenyewe. Alikuwa ameingia chumbani na kumwona Chapuchapu yuko katikati ya sakafu, peku, bila chuma, akitoka dirishani kwenda kitandani. Hatua moja, nyingine, na nyingine, kisha akafika. Mama Chapu aliangusha beseni la nguo.

"Umeweza?"

"Nimeweza, Mama. Siku hizi naweza."

Basi hapo nani angemshika? Alicheka, akalia, akamzungusha mtoto chumba kizima. Na akamwapisha asimwambie baba yake, wamshtue siku ya hija.

Sasa Misa ilikuwa imekwisha, na kasisi ametoka. Mwenyekiti alishika kipaza sauti, akawaomba watu wasiondoke, kuna shukrani. Mama Chapu alipiga magoti kati ya mabenchi na kuanza kufungua mikanda. Mkanda mmoja alishindwa kuufungua, akauvuta tu hadi mguu ukachomoka.

"Mama," Chapuchapu alinong'ona, "Baba anajua?"

"Simama, mwanangu. Simama kama siku ile."

Mtoto alimtazama mama yake usoni kwa muda. Kisha akasimama. Alishika benchi la mbele, akasogea; akashika lingine, akasogea. Watu walikuwa wamejaa pande zote mbili, na kila benchi lilikuwa na mkono wa mtu wa kushika. Akafika mbele. Mwenyekiti akalia kwenye kipaza sauti, na vigelegele vikapanda hadi kwenye dari la mbao lililojaa popo. Mtunza kanisa, mwanamume mkavu mwenye funguo nyingi kiunoni, alikipokea chuma kwa mikono miwili kama anapokea mtoto wa kubatizwa. Akakitundika juu kabisa kwa ufito wenye ndoano, mahali ambapo mtu yeyote akiingia angekiona.

Mama Chapu alikitazama pale juu, kiatu kikining'inia, na moyo ukamjaa furaha. Ni haki kusema hivyo. Watu humcheka mjinga akishajulikana, lakini wakati ule hapakuwa na mwanamke mwenye furaha zaidi yake kwenye kilima kile.

*

"Kuna harusi humo ndani?" Fundi alikuwa akimuuliza kila aliyetoka.

"Harusi gani? Muujiza, Baba Chapu! Mwanao! Ulikuwa wapi?"

Mama Chapu alitoka akiwa amemkumbatia binti yake kiunoni, akamkalisha kwenye ule ukuta mfupi. Alimwona mumewe akitazama mguu kabla ya kutazama uso.

"Chuma kiko wapi?"

"Kimebaki."

"Kimebaki wapi?"

"Baba Chapu, usinihoji kama polisi mbele ya watu. Nimekitoa. Nimemtolea Mama wa Mungu."

Fundi aligeuza shingo akatazama mlango wa kanisa, kisha akamrudia mkewe. "Naye atakifanyia nini?"

Hakusema kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na hilo ndilo lililomuudhi Mama Chapu. Alitaka kumjibu, lakini watu walikuwa wamewazunguka, wanampongeza, wanamgusa Chapuchapu kichwani na kujigusa wenyewe. Mzee mmoja aliomba mtoto amshike goti lake lenye baridi yabisi. Chapuchapu alimshika, kwa adabu, akiwa ametazama chini. Kisha akamvuta mama yake nguo.

"Mama, nataka msalani."

Choo kilikuwa nyuma ya kanisa, chini kidogo, mahali penye vijiwe. Kwa mtu mwenye miguu miwili si mbali. Mama Chapu alisimama, akamnyooshea mkono kwa sauti ya furaha kuliko ilivyohitajika. "Haya, twende zetu."

Mtoto akasimama. Akapiga hatua ya kwanza kwa mguu mzima. Ya pili ilipofika, goti likakunjika, akaenda chini na uso wake.

Kisha sauti ya Mwenyekiti ikasikika, haikuhitaji kipaza sauti. "Ni mwovu huyo! Anataka kuiba muujiza! Simama, mwanangu, simama kwa imani! Msimsaidie, mtamharibia!"

Na watu, tuseme kweli, walisita. Walisimama na mikono yao, huku mtoto akijaribu kujiinua kwa viganja, mdomo una damu, gauni limepanda. Aliyekuja ni baba yake. Alimshusha gauni kwanza, kisha akamwinua.

"Usinibebe, Baba. Wananiangalia."

"Waache waangalie. Nishike shingo."

Alikuwa mtoto mkubwa sasa, miguu yake ikifika chini ya magoti ya baba. Fundi alimbeba mbele ya watu wote wale, akapita nao, na waya wa kiatu chake ukafunguka ukawa unaburuta kwenye mawe. Mama Chapu alifuata nyuma. Hakuna aliyemgusa sasa.

*

Ndani ya choo kile chembamba hapakuwa na pa kukimbilia. Mama Chapu alimshika binti yake kwapani, wakiwa wamesongamana pamoja na ndoo ya maji. Alipomaliza kumsaidia, alilowesha ncha ya kitambaa chake cha kichwa akaanza kumfuta mdomo.

"Chapu. Nyumbani si ulitembea?"

"Nilikuwa nimeshika ukuta."

"Ukuta! Nilikukuta katikati ya chumba."

"Nilitaka kufunga dirisha, uvivu wa kuvaa chuma. Wakati wa kurudi nikakata katikati. Ulipoingia nilikuwa nimeshafika pabaya, Mama. Nikaenda tu. Ningesimama ningeanguka."

"Lakini uliniambia unaweza." Sauti ya Mama Chapu ilikuwa imeanza kupanda, akaishusha. "Nilikuuliza, ukasema siku hizi naweza."

Chapuchapu alitazama ndoo.

"Ulifurahi sana," alisema. "Sijawahi kukuona umenifurahia namna ile."

Mama Chapu aliendelea kufuta mdomo ambao ulikuwa umekwisha kuwa safi. Aliufuta mpaka mtoto akarudisha kichwa nyuma. Yapo maneno mtu akiambiwa na adui hulala akaamka ameyasahau, lakini haya alikuwa ameambiwa na mtoto, tena bila lawama, kama anayeeleza dirisha lilivyo. Alitafuta jibu. Alitafuta siku nyingine aliyomfurahia. Alikuwa amemhangaikia, amemwogesha, amemlilia, amemfungia mifungo, amemkesha. Kumfurahia tu, hivi hivi alivyo, akashindwa kuipata siku ile upesi, na kuchelewa kule kulimuumiza kuliko kitu chochote.

Mlango uligongwa. "Mmemaliza?" Ilikuwa sauti ya Fundi.

Walitoka, akambeba tena hadi kwenye jiwe lenye kivuli. Alikuwa ameshakwenda kanisani na kurudi.

"Nimemwomba mtunza kanisa," alimwambia mkewe. "Amesema hanijui. Amesema kilichotolewa hapa kina mwenyewe, na kama kuna wa kukiulizia ni yule aliyekitoa. Basi."

"Hukumwambia wewe ndiye baba?"

"Nimemwambia. Nimemwambia hata kiatu kile nimekishona mimi. Akasema, wote wanasema hivyo." Fundi aliokota waya wake akaanza kuufunga. "Chuma kipya hospitali ni kungoja, unajua mwenyewe. Walimpima mwaka jana, kikaja mvua zilipokwisha. Atakaa ndani muda wote huo? Shule je? Mimi simlaumu mtu, Mama Chapu. Lakini mimi siwezi kukitoa. Wewe unaweza."

Mwenyekiti alikuwa amewafikia, jasho linamtoka. Aliinama akamshika Mama Chapu mkono kwa huruma ya kweli, maana Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye uhakika, ambalo ni tatizo jingine. "Usithubutu," alisema. "Umeshaweka mbele ya Mungu. Ukikichukua, umemwita Mungu mwongo. Na sisi tutaonekana nini? Kwaya nzima imeimba. Subiri. Labda ni leo jioni. Labda ni kesho."

"Na mpaka hiyo kesho," aliuliza Mama Chapu, "msalani atakwenda na nini?"

Mwenyekiti aliuachia mkono wake, akaanza kujifuta jasho.

*

Ndani ya kanisa mlikuwa na wageni wengine, mahujaji wa parokia ya mbali waliokuwa wakingoja Misa yao. Mtunza kanisa alikuwa akiwatembeza, funguo zikilia. Aliwaonyesha mawe ya mabaharia na kengele yenye ufa, kisha akafika kwenye ukuta wa shukrani, akainua ufito wake.

"Na kile pale, ndugu zangu, ni cha leo. Leo leo hii! Mtoto amepanda nacho ngazi zote, akakivua hapa mlipo, akatoka kwa miguu yake. Akashuka kilima anakimbia."

"Anakimbia!" watu wakaguna.

Mama Chapu alisimama nyuma yao. Alitaka kuondoka, na asije mtu akasema alikuwa jasiri. Miguu yake ilikwisha kugeuka kuelekea mlangoni. Kwa nini lazima iwe sasa, mbele ya watu wote hawa? Angoje watoke, amfuate mtu yule pembeni, amnong'oneze, amsihi. Ndipo alipomwona mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, kijana bado, mwenye mtoto mgongoni. Miguu ya yule mtoto ilitokeza kwenye mbeleko, mmoja mnene, mwingine mwembamba kama wa kuku. Mwanamke alikuwa ametazama juu, kwenye chuma, na midomo yake inacheza. Mama Chapu aliujua uso ule. Ndio aliotembea nao mwezi mzima.

"Kweli amekimbia?" yule mwanamke aliuliza. "Wewe umemwona?"

"Nimemwona kwa haya macho," alisema mtunza kanisa, ambaye pengine alishaanza kuamini.

"Hajapona," alisema Mama Chapu.

Hakusema kwa nguvu, lakini kuta zile nene hazipotezi sauti. Watu wakageuka. Akapita katikati yao, akafika chini ya chuma.

"Mimi ndiye mama yake. Ndiye niliyekitoa. Hajapona. Ana mguu ule ule alioamka nao, yuko hapo nje kwenye jiwe, na ameanguka akaumia mdomo kwa sababu yangu. Naomba unishushie."

Mtunza kanisa alishusha sauti. "Mama, hapa si mahali pa kutoa na kunyang'anya. Maji yakimwagika hayazoleki. Nitawaambia nini watu hawa?"

"Waambie mama yake alikuwa na haraka."

"Lakini ni dhambi."

"Basi iwe yangu. Nitaiungama." Alinyoosha mkono akashika ufito. Yule mtu naye akaushika, na kwa muda wakabaki hivyo, watu wazima wawili wanavutana kijiti mbele ya altare. Mama Chapu aliinua macho kwenye sanamu ya Bikira, yenye rangi iliyobanduka puani, mtoto amepakatwa mkono wa kushoto. Hakuomba kwa maneno marefu kama alivyozoea. "Wewe ni mzazi," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anasema na jirani juu ya ua. "Utanisamehe."

Mtunza kanisa akaachia ufito.

Kukishusha hakujua. Ndoano iligonga magongo, vumbi likawamwagikia. Aliyemsaidia ni yule mwanamke mwenye mtoto; alikuwa mrefu, akapanda kwenye benchi na kukishika kwa mkono. Hakumpa mara moja. Alikigeuza, akabonyeza ngozi ya ndani ya kiatu, akapitisha kidole kwenye mshono.

"Kwa hiyo haponi," alisema.

Mama Chapu alijua anaulizwa habari za watoto wawili. "Sijui ya Mungu, mdogo wangu. Ninalojua ni kwamba akiwa na hiki anatembea. Tena anatembea huyo! Asubuhi ametupita wote kwenye ngazi. Ukimtuma dukani, hujamaliza kusema ameshatoka, anarudi kuuliza ulisema nini. Majirani wanamwita Chapuchapu." Alishangaa kujisikia anacheka, machozi yanamtoka. "Hakai, yule mtoto. Hakai hata kidogo."

Mwanamke alimpa chuma. "Mbona kiatu chenyewe ni laini hivi? Wa kwangu wamempimia kingine, kinamchubua, analia siku nzima, nimekiacha nyumbani."

"Amekishona baba yake. Yuko nje. Toka naye, amwone mtoto."

Mwenyekiti alikuwa mlangoni. Alimwona Mama Chapu anakuja na chuma kifuani, akaangalia kando, akampisha.

*

Fundi alimwona akitoka, akasimama. Alipiga goti mbele ya jiwe na kunyoosha mikono akipokee, kama kila asubuhi. Kila asubuhi ya miaka yote hiyo, kabla ya chai, kabla ya kufungua kibanda chake, alikuwa ni yeye. Mama Chapu alikuwa akipika, au akifagia, au akitafuta kitu ambacho hakikupotea. Hakuwahi kukifunga hata mara moja. Siku zote alikuwa akiona kwamba siku atakayojifunza kukifunga, atakuwa amekubali kwamba kitakaa.

"Sogea kidogo, Baba Chapu," alisema. "Yuko dada pale ana mtoto, kamtazame mguu. Hiki nitafunga mimi."

Fundi alimtazama. "Utaweza?"

"Siwezi. Mwenyewe atanifundisha."

Alipiga magoti kwenye mawe. Akachukua mguu ule mwembamba, wa baridi siku zote, akautia ndani ya kiatu. Akashika mkanda wa kwanza.

"Si huo," alisema Chapuchapu. "Ukianza na wa juu, goti linapinda. Huu wa chini. Pitisha nyuma ya chuma. Nyuma, Mama! Hapo. Sasa vuta."

"Hivi?"

"Zaidi."

"Utaumia."

"Kisipokazwa ndiyo naumia. Vuta, usiogope."

Mama Chapu alivuta. Wanawake wa jumuiya walikuwa wamesimama mbali kidogo, wananong'onezana, naye alikuwa amewapa mgongo. Alifunga mkanda wa pili, akaukosea, akaufungua, akaufunga tena. Jasho lilimtoka puani. Binti yake alimrekebisha kwa kidole, kwa uvumilivu mkubwa kuliko alivyowahi kuwa nao kwa jambo lolote, mpaka mkanda wa mwisho ukaingia tundu lake na komeo la goti likalia.

"Tayari?"

"Tayari. Sasa tulia hapo hapo, usiinuke."

Mama Chapu akatulia. Chapuchapu aliweka mkono wake juu ya kichwa cha mama yake, akakandamiza kwa uzito wake wote, akasimama.